Ukuta wa Bwana Kuroiwa

Dilmaya alipovua glovu mwisho wa zamu, plasta haikuwepo kidoleni. Aliigeuza glovu ndani nje, akaichungulia kwenye taa, akaingiza mkono kwenye pipa la glovu zilizotupwa na kuchakura mpaka msichana mmoja wa Kivietinamu akamtazama kwa kinyaa na kusogea pembeni. Hakuna kitu. Kidole kilikuwa kitupu, na jeraha la jana limekauka damu pembeni.

Alijikata nyumbani, akikatakata figili za achari. Si jeraha la kumliza mtu mzima. Lakini katika kiwanda kile cha kupakia vyakula, pembezoni mwa Fukuoka, kila asubuhi wafanyakazi hupanga foleni mbele ya msimamizi wao, Bi. Hamasaki, wakanyoosha mikono, viganja juu, viganja chini, na kutamka kwa sauti kwamba hawana jeraha. Mwenye jeraha hufungwa plasta ya bluu ya kiwanda, yenye uzi wa chuma ndani ili ikidondokea chakulani mashine ipige kelele, kisha hupelekwa nyuma kukunja maboksi au hurudishwa nyumbani. Hurudishwa kwa heshima kubwa. Huinamiwa, huambiwa ajiuguze vizuri. Mwenzao mmoja aliheshimiwa hivyo mara mbili mwezi wa nane, na mkataba wake ulipokwisha hakuna aliyeuzungumzia tena. Mkataba wa Dilmaya ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi huu, na ruhusa ya kuishi Japani ya mumewe Khem na ya binti yao Asmi ilining'inia kwenye ya kwake. Ya kwake ikikatika, wote watatu wanafunga mizigo kurudi Baglung, kwao Nepali, kwenye deni na kwa mama mkwe.

Kwa hiyo asubuhi ile alifanya ujanja. Alinunua plasta ya kawaida dukani, ile ya kahawia, akaibandika mkononi juu ya kifundo cha mkono, ndani ya mkono wa fulana. Akanyoosha vidole vitupu mbele ya Bi. Hamasaki, akatamka maneno yake, akapita. Kisha akageukia ukuta, akaihamishia plasta kidoleni, akavuta fulana, akavaa glovu, akaenda kusimama mahali pake. Kutwa nzima alipanga vipande vya kuku wa kukaanga juu ya wali, ndani ya masanduku madogo ya plastiki. Plasta yake ilikuwa na rangi ile ile ya kuku, na haikuwa na chuma cha kuiamsha mashine.

Sasa magari ya kusambaza masanduku yalikuwa yameshaondoka.

Alimfuata Bi. Hamasaki mpaka mlangoni. Alikuwa ameipanga sentensi yake ya Kijapani tangu kwenye pipa, na alifungua kabisa mdomo. Bi. Hamasaki akainamisha kichwa, akatabasamu, akamwambia pole kwa kazi. Dilmaya naye akainama, akamwambia pole kwa kazi. Basi, yakaishia hapo.

*

Walikaa chumba cha chini cha jengo la mbao la ghorofa mbili, vyumba viwili vidogo na jiko la kusimama mtu mmoja. Upande wa pili wa ukuta aliishi Bwana Kuroiwa, mzee mjane aliyekuwa zamani fundi wa reli. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu redio yake ilipiga muziki wa mazoezi ya viungo, na mzee akahesabu kwa sauti, moja mbili tatu nne, huku Asmi, mwenye miaka mitano, akinyoosha mikono upande huu. Alimwita babu wa ukutani. Siku moja mzee alimsikia akihesabu, na tangu hapo alikuwa akiongeza sauti ya redio kidogo kwa ajili yake, ingawa hakuwahi kusema.

Wazazi wa Asmi walimwogopa. Si kwamba mzee aliwahi kuwafanyia ubaya. Ni kwamba kwenye nyumba waliyokaa kwanza, jirani aligonga ukuta mara tatu kwa wiki tofauti, bila hata siku moja kuwaambia neno usoni, na baada ya hapo wakala wa nyumba akaja na tabasamu na kuwaomba watafute mahali panapowafaa zaidi. Tangu siku hiyo wakajifunza. Kugongwa ukuta ni kelele, na kelele ni kuhama. Ndani walivaa ndala za kitambaa. Sufuria la presha halikuruhusiwa kupiga filimbi usiku. Khem alifunga droo akiweka taulo katikati. Waliishi kama wezi ndani ya nyumba waliyoilipia kodi.

Dilmaya alimweleza mumewe jikoni, kwa kunong'ona. Khem alikuwa mwanamume mwepesi wa mizaha, msafisha vyumba wa hoteli, lakini hakupata mzaha wa kutia hapo.

"Una hakika imeingia chakulani?"

"Sasa imeingia wapi, baba Asmi? Glovu haina, sakafu haina."

"Mtoto akiila je? Mzee akipaliwa?"

"Unafikiri mimi nafikiria nini tangu saa tisa?"

Khem akashika kichwa. Kisha akasema jambo ambalo lilionekana la akili kwa sababu hawakuwa na jingine: masanduku ya zamu ya asubuhi huuzwa jioni ile ile kwenye supamaketi za mtaa wao. Waende wakayanunue.

*

Walipata saba kwenye supamaketi ya kwanza na manne kwenye ya pili, na walipofika ya tatu, iliyo karibu na nyumbani, msichana wa duka alikuwa ameanza kupita na vibandiko vya nusu bei. Wazee kadhaa walimzunguka kwa mbali, wakijifanya wanasoma chupa za mchuzi wa soya. Masanduku ya kuku yalikuwa yamebaki mawili. Dilmaya akachukua moja. La pili lilikuwa mkononi mwa Bwana Kuroiwa.

Alipaswa kumsalimia. Badala yake akalishika sanduku.

Hakupanga kufanya hivyo, mkono ulikwenda wenyewe. Mzee akashangaa, naye hakuliachia, na kwa muda wakasimama hivyo, kila mmoja ameshika upande wake, kama watoto wanaogombea mwanasesere. Dilmaya akasema kwa Kijapani chake cha kiwandani, naomba, tafadhali, hili nalihitaji mimi. Watu wakaacha kusoma chupa. Mama mmoja akamwambia mwenzake jambo la chini chini, na neno pekee Dilmaya alilolidaka lilikuwa "wageni". Mzee akaangalia kikapu chao kilichojaa masanduku ya namna moja, akamwangalia Asmi aliyekuwa ameng'ang'ania suruali ya baba yake, na uso wake ukabadilika. Dilmaya akadhani ni hasira. Khem akamvuta mkewe mkono, akainama mara nyingi, akaomba radhi, wakaenda kulipa huku masikio yakiwaka. Mzee akaondoka na sanduku lake.

Nyumbani walitandaza magazeti sakafuni wakafungua masanduku kumi na mawili. Waliinua kuku kipande kwa kipande, wakapekua wali kwa vidole, wakakunjua mayai yaliyokunjwa. Asmi alidhani ni sikukuu. Aliruka kwenye vidole vya miguu akiuliza kama anaweza kula yote, na akala, maana hawakuweza kuvitupa.

"Haimo," alisema Khem. "Yote kumi na mawili hayana."

"Limebaki lile la mzee."

"Limebaki la mzee? Mama Asmi, mmejaza magari mangapi leo? Mji mzima umekula mikono yako."

"Usipaze sauti."

"Sipazi sauti! Nasema tu kwamba mtu akifa..."

Ukuta ukagongwa.

Ulikuwa mlio mkavu, mara tatu, kutoka upande wa mlangoni. Khem akaishia hapo hapo na mdomo wazi. Dilmaya akamfunika Asmi mdomo kwa mkono wenye harufu ya kuku. Wakasubiri. Ukagongwa tena, mara tatu.

"Amekasirika," Khem akanong'ona. "Kwanza tumemnyang'anya chakula, sasa tunampigia kelele."

Wakazima televisheni. Wakazima feni ya jikoni. Ulipogongwa kwa mara nyingine wakazima na taa, wakajilaza watatu kwenye godoro moja na nguo zile zile walizoendea dukani. Dilmaya hakulala. Aliuona uso wa mzee akifungua sanduku lake, akiinua kipande cha kuku, akiiona plasta. Mzee alijua anapofanya kazi. Alimwona kila siku na jaketi lenye nembo. Hakuwa mjinga wa kushindwa kuelewa kwa nini jirani aling'ang'ania chakula kile.

*

Jumamosi redio haikulia.

Asmi alisimama mbele ya ukuta na mikono juu, akasubiri, akaishusha. "Babu leo hafanyi mazoezi?"

"Babu amechoka," alisema mama yake.

"Kachoka na nini?"

"Kula uji wako."

Mchana mtoto alianza kuimba, ukuta ukagongwa. Wakamnyamazisha. Jioni Dilmaya alisahau presha jikoni, ikapiga filimbi moja, ukuta ukagongwa tena, haraka haraka safari hii, kama mtu aliyeishiwa uvumilivu. Dilmaya akaikimbilia, akaiondoa motoni, dengu zikabaki mbichi katikati. Walizila hivyo hivyo. Kila walipofanya sauti mzee aligonga, na kila alipogonga wao walipunguza, mpaka jioni ile nyumba ikawa kimya hata mtu angedhani imehamwa.

Khem alikuwa na nadharia. Mzee ameiona plasta, na kwa kuwa ofisi ya wakala hufungwa mwisho wa wiki, anasubiri Jumatatu. Jumatatu atapiga simu mbili, moja kwa wakala na nyingine kiwandani. Huku watu hawagombani, alisema, huku wanasubiri ofisi ifunguliwe.

"Basi twende tukamwombe radhi."

"Kwa lipi? Tukisema ya sanduku, tumekiri ya plasta."

"Ya kelele. Tunakwenda kwa ajili ya kelele."

Ndivyo watu wa pale wafanyavyo: aliyekosea hubeba boksi la peremende. Khem akanunua la bei ya kati, la bei ndogo ni tusi, akalitia kwenye mfuko mzuri wa karatasi. Alifika mlangoni kwa mzee akakuta gazeti la asubuhi bado limebanwa kwenye tundu la mlango. Akalitazama, akaelewa vyake: mzee amekasirika kiasi kwamba hata gazeti hataki kulivuta. Kengele hakuibonyeza. Kumlazimisha mtu mwenye hasira afungue mlango ni kosa jingine. Akauning'iniza mfuko kwenye kitasa, karatasi ikachakarika, na kutoka ndani, karibu sana, akasikia sauti kama ya mtu anayesafisha koo ili aanze kusema.

Khem alikimbia. Baadaye aliwaeleza watu wengi mengi kuhusu siku zile, lakini hilo alimwambia mkewe peke yake.

Jumapili asubuhi redio haikulia tena, na mfuko wa peremende ulikuwa bado kwenye kitasa.

"Amekataa," alisema Khem. Alikuwa ameshatoa begi kubwa juu ya kabati, si kwa kupakia, alidai, kwa kulifuta vumbi tu.

Dilmaya aliingia bafuni kufua, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Aliosha sare ya chekechea ya Asmi, akaosha soksi, akachukua fulana yake ya Ijumaa, ile ya kuvaa ndani ya vazi jeupe la kiwanda, akaugeuza mkono wake ndani nje. Penye mshono, karibu na kifundo cha mkono, palikuwa pamenata kitu cha kahawia.

Aliibandua kwa ukucha. Ilikuwa kavu, safi, haina doa la damu hata moja. Haikuwahi kufika ndani ya glovu. Alipovuta fulana kabla ya kuvaa glovu, fulana iliichukua ikaondoka nayo, na kutwa nzima alipanga kuku kwa kidole kitupu kilichokauka ndani ya glovu nzima.

"Baba Asmi!" alipiga ukelele. "Njoo uone! Njoo!"

Khem akaja mbio akidhani kaanguka. Aliiona plasta kwenye ncha ya kidole cha mkewe, akaigusa, akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea na kuanza kucheka kicheko cha kulia. Dilmaya akacheka. Asmi akacheka kwa kuwaona wao. Kwa siku mbili hakuna aliyecheka katika nyumba ile, na sasa walicheka kwa sauti ya kijijini kwao, bila taulo, bila ndala za kitambaa, wakasahau kwamba wana jirani.

Ukuta ukagongwa.

Wakanyamaza kwa mazoea. Lakini Dilmaya sasa alikuwa ametua mzigo, na mtu aliyetua mzigo husikia vizuri zaidi. Sanduku la mzee lilikuwa safi. Hakuona plasta, hakukuwa na plasta ya kuona. Sasa alikuwa akigonga nini tangu Ijumaa? Na kwa nini kugonga kwake kulikuwa kumefifia hivi, kama kwa mtoto?

Alikwenda mlangoni, mahali pa kuvulia viatu. Ukagongwa tena, mara moja tu. Dilmaya aliinamisha kichwa akiutafuta ule mlio. Ulitoka chini. Ulitoka karibu na sakafu, usawa wa viatu vya Asmi. Anayelalamika hugonga akiwa amesimama.

Akapiga magoti kati ya viatu, akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole.

Kutoka upande wa pili akajibiwa, mara tatu.

*

Kwa mara ya kwanza tangu wahamie, Dilmaya alipiga kelele ili jengo zima lisikie. Aliupiga mlango wa mzee kwa viganja, mfuko wa peremende ukaanguka na kumwagika. Aliita jina lake, aliita msaada kwa Kijapani na kwa Kinepali, milango ya juu ikafunguka, watu wakachungulia, na safari hii hakujali wanamwonaje. Khem alipiga simu ya gari la wagonjwa, akarudia anwani mara nyingi mpaka sauti ikamkauka.

Waokoaji walivunja kufuli. Bwana Kuroiwa alikuwa chini pale pale penye ngazi ndogo ya kuvulia viatu, mguu umepinda vibaya kutoka nyongani, midomo imepasuka kwa kiu. Alikuwa na kiatu mguu mmoja. Mkononi ameshika chuma kirefu cha kuvalia viatu, na ukutani, chini, rangi ilikuwa imechubuka palipogongwa. Alikuwa ameanguka Ijumaa jioni, wakati akitoka. Pembeni yake palikuwa na sanduku la kuku, halijafunguliwa, limefungwa kwenye kitambaa kwa fundo zuri, kama kinavyofungwa kitu cha kupelekea watu.

Mwokoaji mmoja alimwinamia mzee mdomoni akasikiliza, kisha akainuka akitazama huku na huku. "Anasema hili ni la mtoto wa jirani," alisema. "Anasema alikuwa anakuja kulileta. Jirani ni nani?"

Dilmaya akainua mkono. Alikuwa bado na plasta kwenye ncha ya kidole.

Akakabidhiwa sanduku. Chakula kilikuwa kimeshaharibika, kilianza kunuka, na kibandiko cha nusu bei kilikuwa bado juu yake. Alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akapiga magoti kando ya machela. Katika nchi ile alikuwa amejifunza namna zote za kuomba radhi, ya kuchelewa, ya kukanyaga mtu, ya kosa dogo na ya kosa kubwa, na sasa alitafuta mojawapo asiione. Khem alisimama nyuma yake akitazama peremende zilizomwagika.

Mzee ndiye aliyeanza. Alijitahidi kuinamisha kichwa, kadiri mikanda ya machela ilivyomruhusu.

"Nisameheni," alisema Bwana Kuroiwa. "Siku zote hizi nawagongea ukuta. Nilisikia jinsi mlivyokuwa mkinyamaza. Nimewasumbua sana."